Ngozi ya nyoka mgongoni mwa upinde, na fundi aliyebaki peke yake

Kila upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaomwelekea mnyama, tumbo ni upande unaomwelekea mwenye kuvuta. Mtu akivuta kamba, tumbo linabanwa na mgongo unanyooshwa. Mti ukishindwa, mara nyingi huanzia mgongoni: uzi mmoja wa mti unainuka, unafuata mwingine, halafu upinde mzima unapasuka mkononi mwa mwenyewe.

Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi walijifunza kuuvalisha mgongo wa upinde. Katika sehemu za magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, wenyeji wa nyanda na wa milima walibandika kano za mnyama juu ya mti kwa gundi. Baadhi yao wakaongeza kitu kimoja zaidi juu ya kano: ngozi ya nyoka. Mara nyingi ilikuwa ya yule nyoka wa kwao mwenye njuga mkiani, anayeitikisa kabla ya kuuma. Pinde za namna hiyo zimehifadhiwa mpaka leo katika nyumba za makumbusho za Marekani.

Anayeuona upinde huo mara ya kwanza hudhani ngozi ile ni pambo tu. Ni pambo kweli, lakini ina kazi nyingine. Kano na gundi ya zamani vina adui mmoja, naye ni maji. Mvua ikinyesha, au umande ukilala juu ya upinde usiku kucha, gundi inalainika, kano zinalegea na nguvu ya upinde inapotea. Ngozi ya nyoka ni nyembamba, ni ndefu kama upinde wenyewe, na inajikunja pamoja na mti bila kuuzuia. Ngozi nzito ya ng'ombe ingeongeza uzito kwenye mikono ya upinde na kupunguza mwendo wa mshale. Ile ya nyoka haiongezi nguvu, wala haipunguzi. Kazi yake ni kuzifunika na kuzilinda kano zinazofanya kazi chini yake.

Ufundi huo ulikuwa karibu kupotea pamoja na watu waliokuwa nao. Mmoja kati ya waliouokoa alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao, aliyeishi mafichoni karibu miaka 40, na aliyetoka porini hana hata mtu mmoja wa kusema naye lugha yake.

Watu wa mabonde ya Mill Creek na Deer Creek

Kaskazini mwa Kalifornia palikuwa na taifa dogo lililoitwa Yahi, tawi la watu wa Yana. Walikuwa mia chache tu. Waliishi kwenye mabonde yenye miamba ya Mill Creek na Deer Creek, wakila samaki wa mtoni, nyama ya kulungu, na unga wa mbegu za mialoni.

Mwaka 1848 dhahabu ilionekana Kalifornia. Watu wakamiminika kutoka kila upande wa dunia. Yaliyofuata yanajulikana vizuri na kila familia ya mashariki mwa Kongo iliyoishi karibu na machimbo. Mito ilichafuka na samaki wakapungua. Mifugo ya wageni ilikula mbegu na majani yaliyowalisha wanyama wa porini. Wenyeji wenye njaa walipochukua ng'ombe, walisakwa kwa bunduki. Mauaji yalilipiziwa kwa mauaji, lakini nguvu hazikuwa sawa. Mwaka 1865 watu wenye silaha waliishambulia kambi ya Wayahi alfajiri na kuua wengi. Mashambulizi mengine yalifuata. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1870 walikuwa wamebaki wachache sana, na majirani zao wakaamini kwamba wamekwisha.

Hawakuwa wamekwisha. Walikuwa wamejificha. Walitembea wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe ili wasiache nyayo. Walipika kwa moto mdogo ili moshi usiwataje. Walipita chini ya vichaka kwa magoti badala ya kukata matawi, kwa sababu tawi lililokatwa linasema kuna mtu. Kwa maisha ya namna hiyo, upinde ulikuwa na faida ambayo bunduki haina: haupigi kelele. Bunduki moja tu ingewaita wenye kuwatafuta.

Mwaka 1908 wapima ardhi waliokuwa wakitafuta mahali pa kujenga bwawa la umeme waliikuta kambi yao ya mwisho. Watu wanne tu walikuwa wamebaki. Waliokuwa na mbio walikimbia. Ndani ya kibanda akabaki mama mzee aliyekuwa mgonjwa, miguu imefungwa vitambaa, hawezi kusimama. Wageni hawakumgusa, ila walichukua karibu kila kitu kilichokuwapo: pinde, mishale, vikapu, mablanketi ya manyoya. Walivichukua kama kumbukumbu ya safari. Kwa wenye kambi, hizo zilikuwa ndizo mali zote, tena zilikuwa chakula cha kesho na joto la usiku.

Waliporudi siku iliyofuata, mama mzee hakuwapo tena. Mwanawe alikuwa amerudi kumchukua. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Wale wengine wawili hawakuonekana tena. Mwana yule akabaki peke yake.

Neno moja la mti

Mwisho wa Agosti 1911, kwenye machinjio karibu na mji wa Oroville, wachinjaji walimkuta mtu amekonda, amechoka, nywele ameziunguza mpaka kwenye ngozi. Ndivyo watu wake walivyoonyesha kwamba wako kwenye matanga. Mkuu wa polisi alimweka gerezani, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kumweka, na pia kumkinga na umati uliokuja kumtazama. Watu walimsemesha kwa Kiingereza, kwa Kihispania na kwa lugha za wenyeji wengine. Hakuna alichoelewa.

Mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Thomas Waterman alifika na orodha ya maneno ya Kiyana. Akakaa naye, akayasoma moja baada ya jingine. Mtu yule alisikiliza tu. Kisha Waterman akafika kwenye neno *siwini*, maana yake msonobari, akagonga kwa mkono ubao wa kitanda walichokalia. Uso wa mtu yule ukabadilika. Akalirudia neno, naye akagonga ubao. Baada ya miaka mitatu ya upweke, alikuwa amesikia neno la kwao.

Jina lake hakulitaja kamwe. Kwa desturi za watu wake, mtu hajitaji mwenyewe. Hutajwa na mwingine, na huyo mwingine hakuwapo tena. Wakamwita Ishi, ambalo kwa lugha yake maana yake ni "mtu" tu.

Alipelekwa San Francisco, akakaa ndani ya jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Kalifornia lililosimamiwa na Alfred Kroeber. Alipewa kazi ya usafi na mshahara mdogo. Siku za Jumapili watu walikuja kumtazama akichonga vichwa vya mishale na kuwasha moto kwa vijiti. Ndani ya nyumba hiyohiyo, sauti yake ilinaswa kwenye silinda za nta zaidi ya 100, akisimulia na kuimba kwa lugha ambayo hakuna mwingine aliyeisema nyumbani kwake.

Namna Ishi alivyotengeneza upinde wake

Mwaka 1912 Ishi alifahamiana na munganga mpasuaji, Saxton Pope, aliyekuwa akifundisha kwenye shule ya udaktari iliyokuwa jirani na makumbusho. Pope alimtibu, lakini mganga ndiye aliyegeuka mwanafunzi. Alikaa karibu na Ishi akitazama mikono yake, akaandika alichokiona.

Upinde wa Ishi ulikuwa mfupi. Alipima urefu wake kwa mwili wake mwenyewe, kutoka kwenye mkono ulionyooshwa pembeni mpaka kwenye nyonga ya upande wa pili, na hiyo ilikuwa kama sentimita 107. Mti wake ulikuwa junipa wa milimani. Alipasua tawi na kutumia sehemu ya nje ya mti, kisha akalichonga na kulisugua kwa jiwe la mchanga. Ncha zake alizikunja kurudi nyuma juu ya jiwe la moto, akazifunga zisinyooke, akauacha mti ukauke mahali penye giza pasipo na unyevu. Mti uliweza kukaa hapo miezi michache au hata miaka.

Mti ukishakauka, ilifuata kazi ya mgongo. Alichemsha ngozi ya samaki aina ya salmoni mpaka ikawa gundi, akaipaka juu ya mgongo alioukwaruza ili gundi ishike. Alichukua kano za miguu ya kulungu, akazitafuna mpaka zikalainika na nyuzi zake zikaachana. Akazilaza nyuzi hizo kwa urefu wa upinde, ncha ya huu ikipanda juu ya ncha ya ule, mpaka mgongo wote ukafunikwa. Akazifunga kwa magamba membamba ya mti ili zikauke zikiwa zimebanwa. Baada ya siku kadhaa alifungua, akapaka gundi tena, akasugua kwa jiwe mpaka pakawa laini.

Hakuweka ngozi ya nyoka. Kinga yake dhidi ya unyevu ilikuwa mfuko ulioshonwa kwa ngozi ya mkia wa puma, yule paka mkubwa wa milimani, na upinde uliingia humo wote. Mishale yake aliiweka ndani ya ngozi ya fisi-maji. Kila watu walitumia ngozi waliyokuwa nayo, lakini walikuwa wamejifunza jambo lilelile: kano zikilowa, upinde umekufa.

Ishi alikuwa na sheria za kuutunza upinde, naye alizifuata hata alipokuwa mjini. Upinde usiachwe umefungwa kamba wakati hauwindi, kwa sababu unachoka. Usisimamishwe ukutani, maana unatoka jasho, ulazwe chini. Mtu asiuruke. Mtoto asiuchezee. Kwa desturi ya watu wake, mwanamke pia hakuruhusiwa kuushika. Upinde uliovunjiwa sheria hizo ungepiga kombo.

Alipokuwa na furaha aliweka upinde mdomoni, akagongagonga kamba kwa mshale na kutoa muziki. Wazee wa misitu ya Kongo wanaoujua upinde wa mdomo wangemwelewa bila mkalimani.

Kutoka mkono mmoja hadi mikono mingi

Mwezi wa Mei 1914 Ishi aliwarudisha marafiki zake wapya kwenye mabonde ya kwao. Pope, mwanawe mdogo, Kroeber na Waterman walikwenda naye Deer Creek. Aliwaonyesha mahali vijiji vilipokuwa, mahali pa kuvua samaki, na jina la kila jabali. Aliogelea, aliwinda, alicheka. Walipomaliza, alitaka warudi mjini. Bonde lilikuwa limejaa watu wake waliokufa, na nyumba ya walio hai sasa ilikuwa kwingine.

Mwaka 1918 Pope alitoa maandishi juu ya upigaji upinde wa Wayahi, na mwaka 1923 kitabu juu ya kuwinda kwa upinde na mshale. Vilisomwa sana. Wamarekani waliokuwa wameuacha upinde kama mchezo wa watoto walianza kuuchonga tena. Pope mwenyewe alifika mpaka Tanganyika mwaka 1925 pamoja na wenzake kuwinda kwa pinde. Klabu ya wawindaji wa upinde iliyoundwa Marekani mwaka 1961 inabeba jina lake na la mwenzake Arthur Young. Ndani ya historia hiyo yote kuna mikono ya Ishi, hata pale asipotajwa.

Mafundi wa leo nchini humo hupenda mti mmoja wa manjano ambao wafanyabiashara Wafaransa wa zamani waliuita *bois d'arc*, yaani mti wa upinde, kwa sababu waliona wenyeji wakiutumia kwa kazi hiyo. Na wengi wao wameirudisha ngozi ya nyoka mgongoni. Kazi hiyo inafanywa hivi.

Kumalizia ngozi

Kwanza, ngozi huja mwisho. Fundi huhakikisha upinde umeshajikunja sawa pande zote mbili na umeshapiga mishale ya kutosha. Ngozi ikishabandikwa, mgongo haurekebishwi tena; kosa lililofunikwa linabaki kosa.

Ngozi yenyewe husafishwa upande wa ndani, nyama na mafuta yote yakakwanguliwa, kisha ikanyooshwa juu ya ubao na kukaushwa kivulini. Siku ya kubandika huloweshwa kwenye maji ya baridi au ya uvuguvugu mpaka irudi kuwa laini. Maji ya moto hayafai kabisa, kwani ngozi hujikunyata kama nyama iliyotiwa kwenye sufuria, na hairudi tena.

Wakati ngozi inalowa, fundi hupiga msasa mgongo wa upinde na kuupangusa kwa spiriti. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuzuia gundi isishike. Hupaka gundi ya kwanza, nyembamba, na kuiacha inywewe na mti. Wapo wanaotumia gundi ya zamani ya ngozi na kano, wapo wanaotumia kole ya mbao ya dukani. Kisha hupaka tena, juu ya mti na juu ya upande wa ndani wa ngozi.

Mara nyingi huwa ni ngozi mbili, moja kwa kila mkono wa upinde. Zinaanzia katikati, penye mshiko, na kwenda kwenye ncha, upande wa mkia ukielekea nchani. Nyoka hupungua unene kuelekea mkiani na upinde hupungua upana kuelekea nchani, kwa hiyo vinapatana. Tena magamba yanalala kuelekea nchani, yasikwaruzike hovyo. Fundi huliweka ua la mgongo wa nyoka katikati kabisa ya upinde. Likienda kombo kidole kimoja tu, jicho litaliona miaka yote.

Kisha husukuma kwa vidole gumba, kutoka katikati kwenda pembeni, ili hewa na gundi iliyozidi vitoke. Hewa ikibaki, ngozi itainuka hapo kama lengelenge. Wengine hufunga upinde kwa bendeji ya kitambaa inayopitisha unyevu, wengine huuacha wazi. Ngozi ikikauka inapungua, kwa hiyo pembeni huachwa imezidi kidogo. Halafu upinde huachwa siku kadhaa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ngozi inaonekana kavu juu, lakini chini gundi bado ni mbichi, na mwenye haraka anaanza kukata.

Ngozi ikikauka kweli, iliyozidi huondolewa kwa tupa au msasa, siku zote kwa kusukuma kutoka mgongoni kushuka tumboni, upande mmoja tu. Anayerudisha tupa juu anaiinua ngozi kutoka kwenye mti. Palipobaki lengelenge hupasuliwa kidogo kwa wembe, tone la gundi likaingizwa, pakabanwa tena.

Halafu yanakuja magamba. Juu ya ngozi ya nyoka kuna vifuniko vyembamba kama vile vya samaki, vikavu, vinavyopitisha mwanga. Rangi haimo humo. Imo kwenye ngozi chini yake. Vifuniko hivyo vikiachwa, vitaanza kunyanyuka kimoja kimoja na kupeleka vanishi pamoja navyo. Fundi huvitoa kwa kisu butu au kwa utepe wa kunata, polepole, mpaka ngozi ibaki wazi na rangi yake ing'ae.

Mwisho ni vanishi au mafuta ya kukausha. Hupakwa mara nyingi, kila mara nyembamba sana, na katikati msasa laini hupitishwa kidogo tu usije ukafikia ngozi. Tabaka moja nene ni rahisi kupaka, lakini upinde unajikunja, na kilicho kinene kinapasuka. Tabaka jembamba linajikunja pamoja nao. Mahali ngozi mbili zinapokutana katikati hufunikwa na ngozi ya mshiko, na ncha hufungwa kwa uzi. Hapo kazi imekwisha, nayo ndiyo ileile ya zamani: kuyazuia maji.

Nyoka wenyewe hawakubaki wengi kila mahali. Yule wa misitu ya mashariki mwa Marekani sasa analindwa na sheria katika majimbo kadhaa.

Mkongomani mwenye upinde

Katika miaka hiyohiyo, mtu mwingine mwenye upinde alikuwa akitazamwa na umati nchini Marekani. Alitoka Kongo. Jina lake Ota Benga, mmoja wa watu wafupi wa msituni, kutoka upande wa Kasai. Wakati wa utawala wa Mfalme Leopold II, alirudi kutoka kuwinda akakuta askari wa Force Publique wamemaliza kambi yake, mke wake na watoto wake wakiwa kati ya waliouawa. Akaangukia mikononi mwa wauza watumwa. Mmarekani Samuel Verner, aliyetumwa kutafuta watu wa kuonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, alimnunua kutoka kwao.

Kwenye maonyesho hayo alikuwepo pia Geronimo, kiongozi mzee wa Waapache aliyekuwa mfungwa wa serikali, akiuza picha na pinde kwa watazamaji. Inasimuliwa kwamba Geronimo alimpa Ota Benga kichwa cha mshale.

Septemba 1906 Ota Benga aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, na upinde na mishale akapewa ili watu wamtazame akilenga shabaha. Maelfu walikuja. Wachungaji weusi wa mji, wakiongozwa na James H. Gordon, walipinga mpaka akatolewa. Alipelekwa kwenye kituo cha yatima cha watu weusi, na mwaka 1910 akahamia Lynchburg, jimbo la Virginia. Huko alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Wavulana wa mtaa walimfuata porini, naye akawafundisha kuwinda, kuvua samaki na kutafuta asali. Walimkumbuka mpaka uzeeni mwao.

Alitamani kurudi Kongo. Vita ya Kwanza ya Dunia ikafunga njia za meli. Tarehe 20 Machi 1916 alijitoa uhai.

Siku tano baadaye, tarehe 25 Machi 1916, Ishi alifariki San Francisco kwa kifua kikuu. Hakuna ushahidi kwamba watu hao wawili waliwahi kusikiana. Wote wawili waliwapoteza watu wao kwa bunduki, na wote wawili waliwekwa mahali pa kutazamwa. Wote wawili waliwafundisha wengine kile mikono yao ilichojua.

Kilichobaki

Marafiki wa Ishi waliweka ndani ya jeneza lake upinde mmoja, mishale mitano, kikapu cha unga wa mbegu za mialoni, fedha za kombe na tumbaku. Mwili wake ukachomwa kwa moto, kama walivyodhani watu wake wangetaka. Lakini kabla ya hapo ulikuwa umepasuliwa, ingawa Kroeber alikuwa ameandika barua akikataza. Ubongo wake ulitolewa, ukapelekwa kwenye taasisi ya Smithsonian mwaka 1917 na kukaa huko. Mwaka 2000, baada ya wenyeji wa Kalifornia kuudai, ulirudishwa kwa watu wa Redding Rancheria na wa Pit River, ambao ni ndugu wa karibu wa Wayahi. Wakauzika kwenye nchi ya kwao pamoja na majivu yake, mahali wasipopataja, ili asitazamwe tena.

Ota Benga hakurudishwa. Mwaka 2020 shirika linalosimamia bustani ile ya Bronx liliomba msamaha hadharani, miaka 114 baada ya kumweka ndani ya nyumba ya nyani.

Mwindaji wa Ituri anayefunga upinde wake kwa kamba ya kekele hana haja ya ngozi ya nyoka. Kekele haiogopi mvua kama kano, na msitu wake una dawa yake. Lakini anajua jambo ambalo wapima ardhi wa mwaka 1908 hawakulijua walipokusanya pinde za kambi ile na kuondoka nazo. Walidhani wamechukua kila kitu. Mtu aliyezichonga alikuwa amekimbia na mikono yake, na miaka sita haikupita kabla hajamfundisha mwingine.

Katika kambi za wahami kuna wazee waliokimbia bila hata jembe. Wapo wanaojua kusuka mitego, kufua chuma, kutengeneza ngoma, kuchagua mti wa mpini. Ishi alipata mtu mmoja wa kukaa kando yake na kutazama, akiwa na muda wa miaka minne tu. Ilitosha.